Barafu Haijui Sarufi

Jumatatu, 10 Aprili

Nimevunjiwa heshima. Tena mbele ya matairi.

Nilikwenda kwa Burt Lachance kubadilisha matairi ya majira ya baridi. Burt ndiye fundi wa matairi hapa Tenney, na ndiye mkuu wa wazimamoto wetu wa kujitolea. Alikuwa chini ya gari langu, miguu tu ikionekana, alipoanza kunieleza kwamba kamati ya barafu imekutana. Mwaka huu makisio ya barafu yatasomwa na programu mbili: yangu, na ya Daktari Rosalie Gagnon. Siku barafu itakapovunjika, kamati itachagua moja. Nyingine ipumzike.

Ipumzike!

Niliuliza kosa langu ni lipi. Miguu ikajibu: "Mwalimu, mwaka jana ulimtupa mama yangu."

Uongo mtupu. Sikumtupa mama yake. Programu yangu ilikataa kisio lake, na ilikataa kwa haki. Bibi Eudora Lachance alikuwa ameandika: "Jumanne moja ya katikati ya Aprili, nikishaosha vyombo vya mchana." Hiyo si tarehe. Hayo ni mazungumzo.

Niandike mambo kwa utaratibu, ili siku moja haki ijulikane. Kila Januari Burt huweka tofali la zege juu ya barafu ya ziwa letu. Tofali hufungwa kwenye waya unaokwenda hadi saa ya umeme kibarazani kwake. Majira ya kuchipua yakifika, barafu hulainika, tofali huzama, waya huchomoka, saa husimama. Aliyekisia karibu zaidi na siku na saa hiyo hupata mtumbwi mpya. Bonde zima hukisia, na hata watu wa ng'ambo ya mpaka, Kanada. Vikaratasi hutiwa, kila kimoja kwa ada, katika mtungi wa achari pale dukani kwa akina Pike, na fedha zinazopatikana huwanunulia wazimamoto vifaa.

Na Msomaji wa Makisio, kwa miaka mingi, nimekuwa mimi, Ellsworth Tuttle, mwalimu mstaafu wa Kilatini. Programu yangu nimeiandika kwa Lisp, lugha safi kuliko lugha zote za kompyuta, ambamo kila kitu hukaa ndani ya mabano yake kama mwanafunzi mwenye adabu. Siku ya barafu hupanda juu ya gari la zimamoto, hupiga kengele ya shaba, na hutangaza mshindi. Watu hunyamaza. Hakuna mahali pengine katika bonde hili ambapo watu hunyamaza nikisema.

Kengele hiyo ndiyo wanayotaka kuninyang'anya.

Na nani? Rosalie Gagnon! Daktari wa meno mstaafu. Lisp aliisomea kwangu, katika chumba cha chini cha maktaba. Somo la kwanza nilikata pai ya matofaa mbele yake, kumwonyesha kwamba Lisp ikikutana na namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju, ule mstari ulioinama, huzichukua kuwa sehemu, na huirahisisha papo hapo bila kuombwa: vipande vinne kati ya vinane, yenyewe husema kimoja kati ya viwili. Alistaajabu. Kisha akaila pai yangu. Shukrani ya punda ni mateke.

Nilimsimulia dada yangu Lavinia yote haya wakati wa chakula. Alisema supu inapoa.

Jumanne, 11 Aprili

Nimeamka na mpango. Mpango mzuri kupita kiasi. Nimecheka peke yangu nikinyoa ndevu, nikajikata.

Programu ya Gagnon inajisifu kwamba inasoma kila namna ya tarehe. Vema. Na ile! Ile mpaka ivimbiwe! Nitatunga tarehe za hila, nizitie mtungini kwa majina ya kubuni, na siku ya barafu programu yake itaanguka kifudifudi mbele ya bonde zima.

Asubuhi yote nilitunga. Februari 30. Jumatatu tarehe 18 Aprili, na hali tarehe 18 ni Jumanne. Saa nane na nusu za usiku ule wa Machi ambao serikali ilizisogeza saa mbele; yaani saa ambayo haikuwapo kabisa duniani! Siku ya 53 ya Machi, saa tisa na nusu alasiri. Hii ya mwisho naipenda kama mtoto. Ukihesabu kwa utulivu, Machi ikiisha ukaendelea kuhesabu, unaangukia Aprili 22. Lakini nani ana utulivu huo?

Majina: Bwana Quintus Perkins. Bibi Octavia Sprague. Kapteni Septimus Dow. Na wengineo. Niliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Kikaratasi kisicho na namba ya simu hakipokelewi, kwa hiyo niliandika namba ya simu. Namba ninayoikumbuka kwa moyo ni moja tu.

Dukani, Bibi Pike aliniuliza vikaratasi vyote vile ni vya nini. Nilisema ni vya marafiki. Akasema hakujua kwamba ninao.

Alhamisi, 13 Aprili

Simu imelia tangu kifungua kinywa.

Sikuwapo, nilikuwa kibandani nikikagua ndoo za utomvu wa mti wa mepo, ule unaopikwa kuwa sharubati. Niliporudi nilimkuta Lavinia ameshika simu sikioni, akiniangalia kwa macho ya jaji. Alikuwa akisema, kwa sauti tamu asiyoitumia nami: "La, Daktari, Bwana Perkins hayupo kwa sasa. Amekwenda msalani."

Akasikiliza. "Bibi Sprague? Naye amekwenda."

Akasikiliza tena. "Kapteni pia. Ndiyo, wote. Ni nyumba kubwa."

Alipoikata simu alieleza. Programu ya Gagnon haikuanguka. Haikuyumba hata kidogo. Kila tarehe isiyoielewa huiweka kando, kisha humwambia mwenye programu ampigie simu mkisiaji amwulize alikusudia nini. Kumwuliza! Programu inayouliza ni programu isiyojua. Katika maisha yangu yote ya ualimu sikumwuliza mwanafunzi alikusudia nini. Nilimwambia.

Lavinia alisema: "Kaka, ukitaka kudanganya, kodi simu ya jirani."

Nilimjibu kwamba sikudanganya, nilifanya majaribio ya kitaalamu. Akasema basi na Bwana Perkins aje kitaalamu apokee simu zake mwenyewe, maana yeye ana unga mikononi.

Jumapili, 16 Aprili

Leo mtungi umefungwa. Siku ngumu, lakini yenye mafunzo kwa wengine.

Juzi Burt alizijaribu programu zote mbili kwa vikaratasi vilivyokwisha kuingia. Programu ya Gagnon ilisoma karibu vyote. Yangu ilikubali watu watatu: mimi, Lavinia (nilimwandikia mimi), na Hakimu Thorndike, ambaye huandika hata orodha ya mboga kwa mtindo wa mahakama. Waliobaki, bonde zima, programu yangu iliwajibu neno moja: KOSA.

Burt alisema kwa upole wa kuudhi: "Mwalimu, huu si mtihani wa kuingia chuo. Ni tofali na barafu."

Basi nikaona dawa. Ikiwa programu ni sahihi na watu ni wakosaji, warekebishwe watu! Baada ya ibada, wakati wa kahawa na donati, nilisimama kando ya mtungi na ubao mdogo na kalamu nyekundu. Ubaoni niliandika umbo moja tu linalokubalika: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, kwa utaratibu huo, na sifuri mbele ya kila tarakimu iliyo pekee. Kila aliyekuja na kikaratasi nilikisahihisha.

Bwana Pike alikuwa ameandika "tarehe 20 au 21, kutegemea upepo." Nilikata "au." Nilikata "upepo." Alikasirika, akanyakua kikaratasi chake akakitia hivyo hivyo, na wekundu wangu juu yake. Familia ya Beaulieu, wa ng'ambo, huanza na siku kabla ya mwezi. Nilipowaeleza kosa lao walianza kuzungumza Kifaransa kwa kasi, na sidhani ilikuwa pongezi. Bibi Eudora Lachance alikuja na mkongojo wake, akaficha kikaratasi kifuani.

"Nionyeshe, Bibi," nilimwambia, "nikusaidie tu."

"Wewe!" alisema. "Mwaka jana uliniita kosa. Nina umri wa kumzaa babu yako. Safari hii nimeandika tarakimu tupu, na hukioni."

Kisha akanipiga mkongojo mguuni, si kwa nguvu, akakitupia mtungini, na akasema kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia: "Barafu haijui sarufi, mwanangu!"

Walicheka. Wakapiga makofi. Hata mchungaji.

Donati zilikuwa nzuri. Nilikula mbili.

Jumatano, 19 Aprili

Usiri mkubwa. Lavinia pekee ndiye anayejua, na anajua kwa sababu anasoma akichungulia begani kwangu.

Nimeamua kuilegeza programu yangu. Hadharani nitaendelea kuilaani tabia ya kulegeza. Sirini, inalegea. Hakuna mgongano hapo. Majenerali wote hufanya hivyo.

Lakini kuandika kanuni kwa kila upuuzi wa bonde hili kungechukua hadi theluji ijayo. Ndipo nilipopata wazo. Lisp yenyewe ina kisomaji chake. Ndicho kinachosoma programu zote: maneno, namba, mabano, kila kitu. Kwa nini mimi niteseke kusoma tarakimu, na kisomaji bora duniani kimekaa bure? Nikampa kisomaji makisio yote. Soma, ndugu yangu!

Akasoma.

Sijui niandikeje furaha yangu. Vikaratasi vyote vya mtungi, ambavyo Bibi Pike ameviingiza katika kompyuta, vilipita kama siagi. Namba na mkwaju katikati? Imepita. Majina ya miezi? Yamepita. Siku iliyozidi mwezi nimeiruhusu imwagikie mwezi unaofuata, kama chai inavyomwagikia kisahani, ili niwazidi wote kwa ukarimu. Hakuna KOSA hata moja! Mwisho wa kazi kompyuta ilikaa kimya kabisa, kama darasa langu la mwaka wa mwisho.

Lavinia aliuliza kama nimetazama imesoma nini.

Nilimwambia imesoma vyote.

"Nimesikia. Nauliza imevisoma, au imevimeza?"

Dada yangu ni mwerevu, lakini hakusoma Kilatini. Nilimwambia akalale.

Nje mvua ya kwanza isiyo na theluji inanyesha. Barafu ziwani imekuwa ya kijivu kama jino bovu. Moyo wangu mwepesi. Kengele naisikia tayari.

Ijumaa, 21 Aprili

Nimekwenda ziwani kutazama tofali. Bado limesimama, lakini limeinama upande, kama mtu anayesikiliza siri.

Wakati wa kurudi gari langu lilizama katika matope ya barabara ya kaskazini. Matope ya Aprili, yale yanayoshika mpaka ekseli. Nilisukuma. Nikapoteza kiatu. Nikasema maneno ya Kilatini ambayo sikuwahi kuwafundisha watoto.

Na nani akatokea? Yeye. Na gari kubwa, na mnyororo.

Gagnon hakucheka, hilo lazima niliandike. Alifunga mnyororo mwenyewe, akanitoa, akanipa kiatu changu. Kisha tukasimama kando ya barabara, na alianza kuniuliza habari za afya yangu, halafu habari za Bwana Perkins. Nilisema anaendelea vizuri. Alisema amefurahi, maana kila akipiga simu yuko msalani, na kama daktari alikuwa na wasiwasi.

Akaniuliza pia programu yangu inaendeleaje. Nilisema ni ileile, kali kama siku zote.

"Hujailegeza hata kidogo, Mwalimu?"

"Hata nukta."

"Haya," alisema. "Kama utailegeza, ukumbuke pai."

Sikumwelewa. Nafikiri alikuwa na njaa. Huyu mwanamke tangu mwanzo ni mtu wa pai.

Jumamosi, 22 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Tofali limezama leo saa tisa na dakika arobaini alasiri. King'ora cha zimamoto kililia, na kila mtu katika bonde alijua maana yake. Watu waliacha ibada za mazishi, kwa namna ya kusema. Uwanja wa kituo ulijaa: mablanketi, watoto mabegani, akina Beaulieu na themosi zao, harufu ya soseji.

Nikapanda juu ya gari la zimamoto, kompyuta mapajani, kengele mkononi. Gagnon alisimama chini na ya kwake. Burt alisoma saa kwa sauti, akasema: "Someni!"

Programu yangu ilimaliza kwanza. Kwanza! Sikungoja. Sikusoma hata mara ya pili. Nilipiga kengele kwa nguvu zote za ujana wangu, bonde likanyamaza, ah, ule ukimya!, na nikatangaza kwa sauti ya darasani:

"Mshindi wa mtumbwi ni Bwana Quintus Perkins!"

Jina lilikuwa limeshatoka mdomoni nilipolisikia.

Ukimya uliendelea. Haukuwa tena ule ukimya wangu. Watu walianza kugeuka wakimtafuta Bwana Perkins. Burt alimwita mara mbili. Mtu wa nyuma aliuliza ni Perkins gani, wa kinu au wa mashimo ya mawe. Bwana Pike alisema hajawahi kumwona. Bibi Pike alisema yeye anafikiri amemwona, akanitazama.

Ndipo Gagnon akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake: "Nimepiga simu nyumbani kwake wiki nzima. Huwa yuko msalani."

Na Lavinia, damu yangu, mtoto wa mama yangu, akajibu kutoka kwenye meza ya kahawa:

"Bado yuko."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Barafu iliyobaki nadhani ilivunjika kwa ajili yake. Burt alilazimika kukaa juu ya bampa.

Kisha programu ya Gagnon ikatoa jibu lake. Mshindi: Bibi Eudora Lachance, aliyeandika 4/22, saa tisa na dakika arobaini na mbili. Bibi Eudora aliinua mkongojo juu kama upanga.

Nilipinga. Nilisema haiwezekani, na kwamba programu yangu imemsoma Bibi Eudora, bila kumkataa safari hii, na imeona alikisia tarehe 11 Februari.

"Februari!" alisema Burt. "Mwalimu, mwaka jana ulimtupa nje. Mwaka huu umemtupa kwenye theluji!"

Gagnon alipanda ngazi ya gari hadi nilipokaa. Alisema polepole, kwangu peke yangu, ingawa watu wa mbele walisikia: "Mwalimu. Pai."

Nikatazama kioo. 4/22. Namba, mkwaju, namba. Kisomaji cha Lisp hakikuona Aprili. Kiliona vipande vinne kati ya ishirini na viwili. Kikavirahisisha, kama kilivyofunzwa, bila kuombwa: 2/11. Mwezi wa pili, tarehe kumi na moja. Kila mtu bondeni aliyekisia kwa mkwaju siku shufwa ya Aprili nilikuwa nimempeleka Januari au Februari. Wote waliokisia tarehe 20 walikuwa wamekaa tarehe tano Januari, kabla hata tofali halijawekwa. Uwanja ukabaki kwa Bwana Perkins na siku yake ya 53 ya Machi, kwa sababu aliandika kwa maneno.

Nilimwambia Gagnon kwamba, kihesabu, 4/22 na 2/11 ni kitu kimoja.

"Kihesabu, ndiyo," alisema. "Na wewe ndiye uliyenifundisha."

Nilimkabidhi kengele kabla sijaombwa. Nataka hilo likumbukwe. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoidhani. Na nilipoiachia, mkono ulibaki umekunjwa.

Nilianza kushuka. Nilikusudia kwenda nyumbani kwa njia ya nyuma ya kituo, kupitia matopeni. Lakini Gagnon alipiga kengele, na watu wakanyamaza, akasema ana ombi kwa kamati. Alisema programu yake ilisoma vizuri leo kwa sababu moja. Wiki mbili hizi kuna mtu aliyeitegea mitego ambayo yeye mwenyewe asingeiwaza hata kwa mwaka: siku zisizokuwapo, saa zilizorukwa, Machi isiyotaka kwisha. Kila mtego ulimwonyesha tundu, naye akaliziba. "Simfahamu mtu huyo," alisema. "Yuko msalani. Lakini akitoka, ningependa awe anatega kila mwaka, kwa idhini, na akae juu ya gari hili pamoja nami."

Burt aliangalia kamati. Kamati ilikuwa inakula soseji. Wakainua mikono, na soseji ndani yake.

Kwa hiyo nilibaki juu ya gari. Kiti cha nyuma, karibu na mipira ya maji. Tulizunguka kijiji mara moja, king'ora kikilia, kama desturi. Watu walinipungia. Wengine waliita "Perkins!" Nami niliwapungia, ingekuwa utovu wa adabu kutofanya hivyo.

Bibi Eudora alisema maji yakipata joto atanichukua katika mtumbwi wake, kwa sharti nipige kasia na nisimsahihishe. Nilisema nitajaribu. Alisema la pili ndilo gumu.

Jumatatu, 24 Aprili

Jua. Ziwa ni la buluu mpaka kingo zake, bata wamerudi, na mimi nimelala vizuri siku mbili. Nimeyatafakari yaliyotokea kwa utulivu, na nimefikia uamuzi kwamba nilishinda.

Tazama. Gagnon ana kengele, sawa. Lakini kila mwaka programu yake itapita chini ya mikono yangu kwanza. Nani basi aliye juu ya mwenziwe? Mwalimu hutunga mtihani, mwanafunzi huufanya. Mambo yamerudi mahali pake.

Kuhusu 4/22 nimefikiri sana pia. Kisomaji hakikukosea. Hesabu haikukosea. Kalenda ndiyo yenye kosa, kutumia alama ya sehemu kwa kitu kisichogawanyika. Nimeiacha programu yangu kama ilivyo. Siku moja kalenda itarekebishwa, nayo itakuwa tayari.

Leo asubuhi simu ililia, nikaipokea mwenyewe kwa kuwa Lavinia yuko bustanini. Alikuwa Burt. Alimtaka Bwana Perkins. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshikilia kicheko kwa meno. Alieleza kwamba nafasi moja katika kamati ya barafu iko wazi, kwamba Bwana Perkins na jamaa zake wametia vikaratasi vingi kuliko nyumba yoyote bondeni, kwamba nusu ya mpira mpya wa maji imelipwa kwa ada zao, na kwamba watu wanampenda. Jina lake limeshachorwa kwenye mpira. Kwa utani, alisema. Kisha akasema anatania tu, akacheka, akakata simu.

Nilitwaa kalamu nikahesabu kura.

Kamati ina watu watano. Kura tatu hurudisha kengele. Hakimu Thorndike na Bibi Eudora ni wajumbe. Hakimu yu pamoja nami. Anaipenda sifuri ya mbele. Bibi Eudora nitampigia kasia majira yote ya joto, bila kumsahihisha hata neno. Inabaki kura moja tu. Na kuna mtu mmoja, mwenye kupendwa na watu, mkimya, ambaye hana adui hata mmoja katika bonde hili.

Nilimweleza Lavinia mpango huo alipoingia na karoti. Aliketi. Aliuliza, kwa sauti ya uchovu, Bwana Perkins atahudhuriaje mikutano.

Nilimwambia kuna simu. Na kwamba yeye ana sauti nzuri sana ya kueleza mahali alipo Bwana Perkins.

Nimekwisha kujaza maombi yake, kwa mkono wa kushoto. Jina: Quintus Perkins. Kazi: mstaafu. Wametaka siku ya kuzaliwa, nami nikampa siku yake ya ushindi, 4/22. Kisha, kwa kuwa mtu makini huhakiki kila kitu, nikaipitisha katika programu yangu, nayo ikajibu mara moja, bila kusita, bila KOSA.

Nimeandika tarehe 11 Februari. Nimepeleka.